Ngitili ya Mama Sunday

Katika kila lugha niliyopata kuizungumza, pori lisilolimwa huitwa kwa jina la dharau kidogo. Kabula, mama yake Sunday, alilitaja lake kama watu wanavyotaja ghala.

Alizaliwa Shinyanga, upande ambao miti ilishafyekwa kabla yake, hata mama yake akawa anapika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Mwishoni mwa miaka ya themanini alihamia Ivuna, penye chemchemi za chumvi karibu na Ziwa Rukwa, na mumewe, Ndalahwa, wakiswaga kundi lao la ng'ombe. Walichoma pori kupata malisho, kama wahamiaji wenzao. Kisha Ndalahwa akatenga sehemu ya migunga iliyobaki, akapiga marufuku shoka na mifugo humo tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi kikali. Hiyo ndiyo ngitili, desturi ya kwao. Alipofariki, Kabula akaendelea kuilinda.

Januari ya mwaka 2004, majani yakiwa yamefika kiunoni, kamati ya kijiji ilifika. Iliongozwa na Osea, mwenyekiti wa kitongoji. Nyuma yake alikuja Tabita, mchemsha chumvi, shoka begani, kwa kuwa karibu na chemchemi kuni za kuchemshia zilikuwa zimekwisha.

"Mama Sunday, hapa umepanda nini?" Osea aliuliza.

"Ngitili."

"Ndiyo mahindi au ufuta?"

Wanakamati walicheka.

"Ni chakula cha ng'ombe cha mwezi wa kumi."

"Ng'ombe wenu wamekula nchi nzima," Tabita alisema, "na bado mnaficha kipande!"

"Na ninyi, dada, mmeichemsha nchi nzima. Hata chumvi wanayolamba ng'ombe wangu inanuka moshi wa misitu."

Tabita alitaka kucheka, akajizuia. "Basi nipe moshi mwingine. Nina watoto."

Osea alitazama majani yasiyo na unyayo. "Ardhi isiyotumika inagawiwa, mama. Kesho kutwa tunarudi. Tukiikuta hivi hivi, wenye shoka wataingia."

Jioni, Sunday alimfuata mama yake zizini.

"Mayu, tukiwaingiza ng'ombe sasa, kiangazi watakula nini?"

"Sijui."

"Baba hakuwahi kuifungua wakati wa mvua."

"Baba yako hakuwahi kuulizwa amepanda nini."

Alfajiri Kabula aliondoa kwa mikono yake miiba iliyoziba lango la ngitili, akawaingiza ng'ombe. Kamati iliporudi ilikuta majani yamelala na mavi mabichi kila mahali.

"Hapa panatumika," Osea alisema, akapita.

Tabita aliondoka bila kuaga, kwenda kutafuta kuni mbali zaidi.

Mwezi wa kumi ulikuja na vumbi. Ng'ombe walikondeana; wengine walilala wasiweze kuinuka, wakainuliwa kwa kamba na mabega ya watu, kesho yake wakalala tena. Ngozi zilianikwa uani. Sunday aliamua kuwahamisha waliobaki, kuelekea huko ambako wenzake walisema bado kuna majani.

"Twende wote, Mayu. Umeokoa miti, kundi linaisha."

"Wewe nenda. Nikiondoka, shoka zitaingia siku hiyo hiyo."

Kabula alimwomba mwanawe amwachie mtamba mmoja. Kundi lilipokwisha kupotea machoni, alimvuta mnyama yule hadi ndani ya ngitili, akamfunga chini ya mgunga karibu na njia, mahali ambapo kamati ingepita na kumwona.