Ndama wa Kwenye Kompyuta

Mchezo wenyewe ulikuwa wa besiboli, na Garsen nzima sikumjua mtu aliyewahi kuuona ukichezwa uwanjani. Mtaalamu mmoja mgeni wa mradi wa maji aliuacha ndani ya kompyuta ya ofisi mkataba wake ulipokwisha, na mimi, karani wa kupiga chapa, nikaurithi. Hushiki gongo wala mpira. Wewe ni meneja tu: unasajili vijana, unawalea katika timu ndogo msimu baada ya msimu, na ukiona wameiva unawapandisha timu kubwa.

Mwenzangu alikuwa mlinzi wa ofisi, Muorma wa makamo kutoka upande wa Bangale. Mvua zile zilizokata barabara zilimmalizia ng'ombe wake, ndipo akaja kulinda geti. Wakubwa wakienda kula na jenereta ikiwaka, alivuta kiti kando yangu. Saa ile bado naitamani.

Mbele ya kila kijana palikuwa na tarakimu za kipaji chake. Mlinzi alizifunika kwa kiganja.

"Mali hapana hesabu, binti. Ukihesabu, inakufa."

Kwao mali ni mifugo, na huo si mzaha. Basi tukacheza hivyo, kiganja chake juu ya kioo, tukiwapima vijana kwa mwenendo: nani akiumia anapona upesi, nani anazorota. Nilinung'unika sana. Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema. Kwetu mpunga ukiiva unavunwa kabla ndege hawajaumaliza. Alinitania kwamba sisi wakulima tungepewa ng'ombe tungemkamua angali tumboni mwa mama yake.

Kipenzi chake alikuwa mrushaji mpira mmoja mwembamba, wa mkono wa kushoto. Tulimwita Ndama. Kila msimu nilimwuliza mlinzi kama tumpandishe, na kila msimu jibu lilikuwa moja.

"Bado. Mfupa yake bado laini."

Nami nilikuwa na hamu isiyo kifani ya kumwona Ndama katika timu kubwa.

Kisha mradi ukafungwa. Kompyuta zilitakiwa Nairobi, na asubuhi ya mwisho lori lilikuwa tayari uani. Nilimsihi mlinzi, machozi yakinilengalenga.

"Tumpandishe leo, baba. Tumwone mara moja tu. Kesho hatupo."

Alikitazama kioo kwa muda, kiganja kikiwa palepale.

"Sisi ndiyo hatuko," akasema. "Yeye iko. Wacha akue."

Nikauhifadhi mchezo, nikazima. Wapagazi walipokuja, aliwazuia, akaibeba kompyuta mwenyewe na kuiweka kwenye kona ya lori isiyopigwa na jua.

"Huko Nairobi," akaniuliza, "iko mtu ya kuwachunga?"

Nilijua kwamba kazi ya kwanza huko ingekuwa kufuta kila kitu.

"Yuko, baba."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Basi mwambie asihesabu."