Gitaa Lililoombewa

Fundi cherehani mmoja wa kule Nengo alikuwa anauza gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, lenye umri karibu sawa na wangu. Lilikuwa limetunzwa vizuri kuliko mimi.

“Muzee, hii ni ya zamani, ndiyo maana bei iko juu,” aliniambia.

“Bon, mi pia ni wa zamani, na hakuna mutu amenipandisha bei.”

Nililitamani sana, nipigie tenzi nyumbani jioni. Lakini lilikuwa limepigwa baa miaka mingi, na kwetu gitaa la namna hiyo haliingii nyumbani kwa mzee wa kanisa kabla mzee mwenzake hajaliwekea mikono na kuliombea. Nikamwita mwenzangu, yule anayewafungia wanakwaya kuimba wakitikisa bega tu.

Akalitazama kwa huzuni. “Ndugu yangu, hii imeona zambi mingi. Uiache.”

Hata hivyo alikubali kuomba. Tukafumba macho pale kati ya vitambaa. Maombi yakawa marefu, na Mungu anisamehe, nikafumbua jicho moja. Mkono wake wa kuume ulikuwa juu ya mbao, kama desturi inavyotaka. Vidole vya kushoto vilikuwa vimebana nyuzi, vimejipanga kupiga rumba bila kutafuta mahali pake.

“Na kama mutumishi wako hawezi kubeba jaribu hili,” aliendelea kwa sauti ya machozi, “Bwana, mi niko tayari kulibeba.”

“Amina!” nikasema kabla hajamaliza, nikamgeukia fundi. “Nalichukua.”

Namshukuru Mungu, nguvu ya kulibeba mwenyewe ilinijia papo hapo. Sijawahi kuona ombi likijibiwa upesi namna ile.