Pembe Niliyoimaliza Mwenyewe

Kwetu Ziwani wapo mpaka leo wanaonitaja kuwa ni yule binti aliyemnyima binamu yake pembe ya baruti. Wanasema kweli. Nilimnyima, na mambo yakirudi vilevile nitamnyima tena, ila safari hii sitangoja muda mrefu kama ule.

Baba alikuwa na gobore, bunduki ile ya kushindilia baruti mdomoni kwa fimbo. Hakuwa mwindaji wa kujisifu. Gobore lile lilikuwa la shamba, kama jembe na panga, kwa sababu shamba letu la mihogo lilipakana na pori na porini walikuwamo nguruwe. Asiyewajua nguruwe pori hudhani wanakula tu. Hao hufukua, hukanyaga, wakaonja hapa na pale, na wasichokula wanakiacha kioze. Familia inaweza kulima msimu mzima, ikaamka asubuhi moja ikakuta imebaki kuchimba ming'oko, mizizi ya wakati wa njaa, porini.

Sasa gobore bila baruti kavu ni gongo tu, na baruti hukaa kwenye pembe. Ile ya zamani ya baba ililiwa na wadudu ikatoboka. Mama alipokwenda Mikindani akamwomba mchinjaji pembe ya ng'ombe, akarudi nayo ikinuka hata mbwa wakamsindikiza njia nzima. Wakati huo macho ya baba yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli basi. Mimi nami nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu, sina mtoto, nina mikono miwili na hasira nyingi.

"Njoo," baba akaniambia. "Hasira hizo ni nzuri kwa kukwangua."

Niliichemsha pembe mpaka nyama ya ndani ikalegea, nikaing'oa. Nikakata ncha, nikatoboa mdomo kwa waya uliowekwa motoni. Kisha ikaja kazi yenyewe, ya kukwangua kwa kigae cha chupa. Baba alitaka pembe iwe nyembamba kiasi kwamba ukiiinua kwenye jua uone kivuli cha baruti ndani, ujue imebaki kiasi gani bila kufungua. Ukikwangua kidogo huoni kitu. Ukizidisha inapasuka, na kazi yote imekwenda na maji. Nilikwangua, yeye akipitisha kidole gumba. "Hapa bado. Hapa acha, usiguse tena." Alijua kwa kidole mambo ambayo mimi mwenye macho sikuyaona, na nilikuwa nikimwonea wivu kidole kile.

Tulikuwa nusu ya kazi homa ilipomchukua.

Kwenye matanga ndugu zake walikuwa watu wa dini sana. Walisoma, walilia, walitukumbusha subira. Ilipofika arobaini na kugawana, wakaikumbuka mila. Kwa dini nilikuwa na fungu langu hata kwenye kijiko cha baba. Kwa mila yetu ya Kimakonde vitu vya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake, na dada yake baba alikuwapo, shangazi yangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Mwanawe, huyo binamu yangu, alikuwa kibarua kwenye gati jipya lililokuwa likijengwa Mtwara, amepanga chumba Magomeni ya hukohuko Mtwara, anavaa viatu hata akija shambani. Hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa watani kama binamu wote wa kwetu, akiniita mke wangu, nami nikimuuliza mahari iko wapi.

Siku ile hatukutaniana. Alilitwaa gobore ukutani, akalitundika begani, akaniangalia kama anayeomba radhi.

"Na pembe?" shangazi akauliza.

"Haijamalizika," nikasema.

"Basi imalize, ntoto wa kaka yangu. Mwenyewe atakuja kuichukua." Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa amejikunyata ndani na nguo zake za eda. "Na shamba nalo, wifi, tutaangalia kama mnaliweza. Mkishindwa, urudi kwa kaka yako Msimbati upumzike. Ile mikorosho aliipanda ndugu yangu, haitaachwa iliwe na pori."

Hapo ndipo nilipoelewa. Walitunyang'anya bunduki, kisha wakakaa kungoja nguruwe watufukuze. Nguruwe wakishinda, mama arudi Msimbati akaishi kwenye uwanja wa mke wa kaka yake, nami nimfuate na kibunda kichwani, na mikorosho iliyopandwa na baba, mama akiimwagilia kwa mtungi, iende Magomeni kwa mtu mwenye viatu. Damu ilinichemka, nikaona hata kulia ni kuwapa zawadi.

Mama hakuweza kutoka, alikuwa kwenye eda. Kwa hiyo shamba lilikuwa langu peke yangu. Mchana nilipalilia. Jioni nilipiga debe kwenye mpaka wa pori mpaka mikono ikafa ganzi, na nguruwe wakalizoea debe, nadhani walidhani ni ngoma yao. Saa za katikati, jua kali, nilikaa barazani nikaimaliza pembe.

Nilikaa barazani kwa makusudi. Ningeweza kuifanyia kazi uani, lakini nilitaka kila apitaye aone. Nilisugua kwa majani ya msasa yaliyokauka, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, kwanza makubwa kisha machanga. Nikaja na majivu laini yaliyochekechwa, nikasugua kwa kitambaa kibichi mpaka pembe ikaacha weupe wake wa mfupa na kuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Wanawake wa jirani walinisema waziwazi.

"Mwanamke na baruti! Hilo gobore halitalia tena."

"Likinuna nitalibembeleza," nikawajibu, nikaendelea kusugua.

Kizibo cha nyuma nilichonga kwa mpingo, nikakigonga kikaingia, nikakishikiza kwa vijiti vya mpingo huohuo, nikajaza nta ya nyuki kwenye kila ufa. Baba alilikazania hilo, kwamba pembe ya baruti hula nta tu. Mafuta hayakai mahali pake, hupenya, na yakipenya baruti imekufa. Mwisho nikachora kando ya kizibo mistari ya chale zilizo kwenye mashavu ya mama, alizochanjwa alipokuwa mwali. Nilimwita aniketie karibu na mlango ili nizinakili vizuri. Alicheka mara ya kwanza tangu msiba, akasema nimeizeesha pembe kabla ya wakati wake.

Binamu alikuja nilipokuwa kisimani. Niliporudi na ndoo, pembe haikuwapo kwenye msumari wake.

"Nimempa," mama akasema kutoka ndani. "Alikuja kwa adabu. Mwanangu, tusigombane na watu wa baba yako."

Nilimfokea mama yangu. Nilimwambia adabu ndiyo iliyotufikisha hapa, na kwamba akiendelea kugawa, siku moja atagawa na kitanda anacholalia. Nilitoka nikaenda shambani nikapiga debe huku nikilia kwa hasira, na nguruwe wakala mistari miwili ya mihogo mbele ya macho yangu.

Mwezi haujaisha binamu akarudi, hana gobore, pembe imefungwa kwenye kitambaa. Uso umemshuka.

"Mke wangu, pembe yako ina nuksi. Nimewaita wenzangu wa gatini tukawinde, nimelenga digidigi amesimama kama kafungwa kamba, gobore likakohoa. Likakohoa tena. Sasa Magomeni nzima wananiita Bwana Kikohozi."

Niliipokea pembe. Kabla hata sijaitazama pua ilishanipa habari. Pembe ilinukia nazi kama kichwa cha bibi harusi.

"Umeipaka nini?"

"Mafuta mazuri ya nazi. Iking'aa bila mafuta inang'aa nini? Halafu kulikuwa na uchafu umeganda hapa kwenye kizibo, nikaukwangua wote."

"Uchafu ule ni nta."

Sisi watu wa pwani tunapaka nazi kila kitu, nywele, ngozi, mlango, ngoma, na yeye alipaka kwa mapenzi kabisa. Niliigonga pembe juu ya ungo, na baruti ikatoka kwa mabonge. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye mwisho akashindwa, akacheka pia. Lakini alipoinuka kunyoosha mkono, pembe nilikuwa nimeshaiweka nyuma ya mgongo.

"Nitaitengeneza," nikasema. "Ila imefika kwao. Haiondoki tena."

Alikwenda zake akinung'unika. Najua alijaribu vyombo vingine vya baruti, kwani mwenyewe alinieleza baadaye. Chupa ilipasuka kiunoni, na kopo la maziwa likaingia unyevu wa bahari. Mimi niliiosha pembe kwa maji ya moto ya majivu hadi harufu ya nazi ikakata, nikaikausha kivulini, nikaipiga msasa upya na nta upya. Niliipenda zaidi mara ya pili.

Siku mama alipotoka eda ndugu walikuja, na shangazi mbele yao, na binamu nyuma yake amebeba gobore. Tulikula. Baada ya kunawa shangazi akasema kwa sauti yake ile ya bondeni, "Haya, lete pembe ya watu."

"Watu gani?"

Shangazi akanitazama, akabadilisha njia, akawa mtamu. "Mwanangu, kwani ugomvi wa nini? Mnaitana mke na mume kila siku. Olewa naye, gobore na pembe vilale nyumba moja."

"Nishaolewa, shangazi, nikaachika kulekule ambako hata nguruwe hawakuwapo. Siolewi kwa ajili ya nguruwe."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Hiyo pembe ni ya kaka yangu, na mali ya kaka yangu ni ya mwanangu. Ndiyo mila!"

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu arobaini. Nikaileta pembe, nikaiinua juani. Mwanga ukapita ndani yake, na kivuli cha baruti mpya kikaonekana kimelala chini, kila mtu akakiona.

"Mila yako naikubali yote," nikasema. "Mali ya baba kwa mtoto wa dada yake. Haya, si amechukua gobore? Nimesema kitu? Lakini baba alipofariki hii haikuwa pembe ya baruti. Ilikuwa pembe ya ng'ombe iliyokwanguliwa nusu, ukiijaza inavuja. Aliyeifanya ishike baruti ni mimi, na alama yake ni ya uso wa mama yangu, hii hapa. Kwa hiyo ni mali yangu. Na mali yangu, kwa mila hiyohiyo yako, inakwenda tumboni kwa mama, yaani ukoo wake, kwa mabinti zangu nikijaaliwa. Wewe shangazi ni upande wa baba. Kwenye pembe hii huna hata pa kuweka kidole."

Wazee walioshiba pilau wakaanza kutazama mikeka. Ilikuwa mila ya shangazi, neno kwa neno, na alikuwa ameitangaza mwenyewe dakika moja kabla.

Binamu ndiye aliyesogea mbele. "Sasa mke wangu unataka nini?"

"Gobore lilale hapa mihogo ikiwa ardhini. Tukishang'oa na kukausha makopa, chukua vyote viwili, gobore na pembe, ukatembee navyo Magomeni mpaka uchoke. Msimu ukianza, unarudisha."

"Na cheti cha serikali cha gobore kina jina langu."

"Nguruwe hawajawahi kukiomba."

Akalivua gobore begani, akanipa mbele ya mama yake. Najua lilimgharimu, na kwa hilo nilimheshimu mpaka alipokufa.

Jua lilipoanza kulegea niliondoka nikaenda mpakani mwa shamba. Nilipima baruti, nikashindilia pamoja na risasi, nikaweka fataki ya kuiwasha, kama nilivyomfanyia baba mara nyingi macho yake yalipopungua. Kupiga kwenyewe sikuwahi. Nguruwe walitoka kwa wakati wao, bila haraka, kama watu wanaokwenda kwao. Nilimlenga mkubwa, nikavuta, na gobore likalia kwa kishindo kilichonitupa chali kwenye tuta la mihogo. Nguruwe sikumpata. Nilipata tawi la mkorosho. Lakini kundi zima lilitimka porini likipiga kelele, na usiku ule halikurudi.

Yaliyotokea nyumbani wakati huo alinisimulia binamu. Wanawake walikuwa wakikusanya vyombo. Mlio ulipopasuka shangazi alishtuka, akaangusha sahani, akamtazama mwanawe aliyeketi pale mikono mitupu, kisha akageuka huku na huku.

"Nani huyo anayepiga bunduki?"

Mama yangu, aliyegawa pembe kwa kuogopa ugomvi, aliendelea kukusanya vikombe, hata hakuinua kichwa.

"Mwenye shamba," akasema.