Reli ya Mianzi Uani Kwetu

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mbuzi wetu wa mwaka ule, lakini siyaandiki. Wajukuu zao wapo hapa hapa Songea na tunakutana sokoni. Nitasema mume wangu, nitasema mke mwenzangu, inatosha, maana kisa chenyewe ni cha sisi watatu na reli iliyopita uani kwetu.

Mke mwenzangu hakutolewa mahari na mume wangu, alirithiwa. Mume wake wa kwanza alikuwa kaka wa mume wangu, na Wajerumani walimnyonga bomani baada ya vita vya Maji Maji. Kisha ikaja njaa, wajane wakawa wengi kuliko mahindi, na kila mwanamume aliyebaki akamchukua mjane wa nduguye. Ndiyo desturi yetu. Sasa niambie, utamwonea wivu vipi hadharani mjane wa mtu aliyenyongwa? Watu watakuonaje? Basi nilimwonea kimya kimya, huku nikimpimia unga.

Baadaye mume wangu alichukuliwa kwenda kujenga reli kule kaskazini. Aliporudi hakuleta nguo za maana. Alileta kijiti chenye alama za kisu, vipimo vya reli ile, na hadithi. Wazee kwenye pombe walimcheka.

"Njia ya chuma? Na nyumba nzima inakimbia juu yake?"

"Inakimbia, baba. Na inapofika njia panda inachagua."

"Huko kaskazini mlikuwa mnakunywa nini, mwanangu?"

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Akasema atajenga reli ndogo uani, kila kitu kama kule, na mavuno yakifika waje waone kwa macho yao.

Uani kwetu palikuwa na mteremko. Kihenge cha mahindi juu, nyumba zetu mbili chini zikitazamana, yangu ile kubwa, ya mke wa kwanza. Gari la mbao lingepakiwa mahindi kihengeni na kuteremka lenyewe hadi mlangoni mwa kila nyumba. Kule, alisema, toka reli hadi reli ni mita moja. Hapa mita ikawa shubiri yake. Chochote kilichokuwa kwenye kile kijiti alikigeuza hivyo, shubiri kwa mita. Reli zilikuwa mianzi iliyopasuliwa. Mataruma, yaani vile vigogo vya kulalia chini ya reli, aliyachonga kwa mti wa msuku. Chini yake akataka kokoto, nami ndiye niliyekwenda mtoni na ungo, nikazipepeta mpaka zikalingana kama kunde. Nilipepeta kwa moyo, nikidhani napepetea njia ya kuja kwangu.

Alikuwa msumbufu, jamani. Kati ya mwanzi na mwanzi aliacha nafasi nyembamba kama ukucha.

"Ya nini hiyo?"

"Jua likiwaka chuma hurefuka. Usipoacha nafasi, reli inapinda."

"Lakini huu ni mwanzi, hautarefuka."

"Kule huachwa," akajibu, akaendelea kupima.

Basi ikafika njia panda, pale katikati ya ua. Alikuwa amefanya kazi kwenye kundi la kutandika njia panda, na hilo ndilo alilojivunia kuliko yote: zile ndimi mbili za reli zinazosogezwa huku au kule, yale mataruma yanayozidi kuwa marefu kadiri njia zinavyoachana, kile kipande cha reli cha pembeni kinacholishika gurudumu lisipotee penye ufa, pale reli zinapokatana. Niliinama nami nitazame. Nikafuata kwa kidole njia iliyonyooka toka kihengeni. Ilikwenda kama uzi hadi mlango wa mke mwenzangu. Ya kwangu ilichepuka pembeni, ikaviringa, ikaja kama mtu anayeomba radhi.

"Ardhi ndiyo iliyotaka," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mbele ya mlango wako pana kichuguu."

Kichuguu! Kichuguu kile nilikijua kabla yeye hajajua kunyoa ndevu. Angetaka angekichimba.

Mtoni wanawake walishajua. Jirani yetu mmoja, mdomo wake hata njaa haikuufunga, alinipokea na mtungi kichwani. "Mama mkubwa, nasikia gari la mwenzio linakwenda mbio, lako likifika njia panda linapunguza mwendo kwa sababu ya kona!"

"Linapunguza kwa heshima," nikamjibu.

Walicheka, nami nikacheka, lakini maji niliyochota yalimwagika nusu njiani.

Nilikaa na jambo lile. Nikimwambia mume wangu anyooshe ya kwangu, ya mwenzangu itapinda, na watu watasema namnyanyasa mjane. Nikinyamaza, mavuno yatafika na ukoo mzima utaona nyumba kubwa ikilishwa kwa mchepuko. Siku moja nilimletea togwa pale alipokuwa amepiga magoti.

"Baba," nikamwambia, "kule kote ulikopita, hakuna mahali ambapo njia zote mbili zinapinda? Hii hivi na hii hivi, sawasawa?"

Nilimwona anataka kusema hapana, lakini juu ya reli hawezi kusema uongo.

"Papo," akasema. "Mahali pa kugeuzia garimoshi. Zinaachana kama mkia wa mbayuwayu."

"Basi fanya kama kule."

"Nitang'oa yote haya?"

"Si umesema kila kitu kama kule?"

Akang'oa. Kichuguu akakichimba pia, siku hiyo hiyo, nikaona kuwa hakikuwa kikwazo chochote. Akavuta kamba toka kihengeni hadi katikati ya milango yetu miwili, akapanga mataruma yakiikata ile kamba sawasawa, hayafuati njia yangu wala ya mwenzangu. Nilifurahi sana kwa asubuhi moja.

Tatizo lilikuwa mianzi. Sasa ilihitajika kupindwa pande zote mbili, na kona zifanane. Mume wangu akiipasha moto ilimvunjikia. Mke mwenzangu alikuwa msukaji wa vikapu. Alikuja, akaushika mwanzi juu ya moto, akauzungusha taratibu, ukalainika mkononi mwake kama ukambaa.

"Dada, utazame huu, unatosha upande wako?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

"Unatosha."

Toka siku ile walikaa pamoja pale katikati ya ua, yeye akipinda, mume wangu akipima kwa kijiti, vichwa vyao vikikaribiana juu ya mwanzi mmoja. Mimi niliwapikia. Kona ya kuja kwangu, niliyoipigania mimi, ilipindwa na mikono yake, na wakicheka nilikuwa nawasikia toka jikoni bila kujua wanacheka nini.

Mavuno yakafika. Wazee wakaja, yule aliyeuliza habari za pombe akakaa mbele. Mume wangu akapakia mahindi kwenye la kwanza kati ya magari mawili aliyochonga, akashika mti wa kusogezea ndimi. Nikaona ghafla nilichofanya: kichuguu hakipo, kona ni sawa, ardhi haina tena la kutaka. Gari la kwanza lingekwenda alikotaka yeye.

Akazisogeza ndimi upande wangu.

Likateremka likigonga zile nafasi za mianzi, tak-tak, tak-tak, likachepuka, likasimama mlangoni kwangu. Vigelegele! Yule mzee akasimama na kusema, "Kumbe hakuwa amelewa!" Yule jirani wa mtoni akanibana kiuno. Nilimimina mahindi kwenye ungo wangu kwa raha, kisha nikainua macho.

Mume wangu alikuwa ameshapakia gari la pili. Akasogeza ndimi, akaliachia, na hili hakuliacha liende peke yake. Alitembea kando yake ameinama, kiganja wazi pembeni bila kuligusa, kama unavyotembea na mtoto anayeanza kusimama, mpaka likafika mlangoni kwa mke mwenzangu.

Wote wawili wameshazikwa, na mchwa walikula ile reli kabla Wajerumani hawajaondoka. Watu wakinikumbusha, husema gari la kwanza lilikuja kwangu. Ni kweli, lilikuja kwangu, tena lilikuja peke yake.