Nzi Wanaoanguka Mara Moja

Ukitaka Shangazi Geok Choo akuchukie, mwambie nzi wake hawana lolote. Boon Hock, mwenzake kazini, alimwambia hivyo mbele ya profesa wao, hapahapa Singapuri, na tangu hapo hata lifti hawapandi pamoja.

Shangazi anafuga nzi wa matunda kwenye vichupa, maabarani. Wake wana kasoro: seli za glia, zinazozihudumia neva ubongoni, hazisafirishi vizuri mizigo iliyomo ndani yake. Ukiwatikisa, neva zinachachamaa zote pamoja, nzi wanapigwa kifafa.

Nilimuuliza, "Kasoro ni ya mhudumu, mbona anayepata wazimu ni neva?"

"Jikoni wasipotoa taka, anayeumwa tumbo ni nani?"

Profesa Saraswathy akataka mtu mwingine arudie jaribio. Akampa Boon Hock. Nzi wakatikiswa kwa mashine, wakabaki wanajipangusa mbawa.

"Kifafa kiko wapi, dada? Au unacho wewe?"

"Umewabadilisha, mwizi we!"

"Nikuibie nini, wadudu?"

"Basi!" Profesa akafoka. "Kesho wasipoanguka, Geok Choo, kazi hii naifunga."

Miaka yote ile ya Shangazi, ifungwe! Shule ilikuwa likizo, kesho yake nikamfuata. Alisimama nyuma ya Boon Hock kama askari jela, hata chai hakugusa.

Boon Hock akachukua kichupa. Kabla ya kuchomoa pamba iliyokiziba, akakigonga mezani, ta! ta!, nzi washuke chini wasitoroke. Wafuga nzi wote hufanya hivyo, mkono unajiendea wenyewe. Kisha akageuka kuiwasha mashine. Mle kichupani nzi walikuwa tayari chali, miguu inapiga hewa.

"Umeshawaangusha, kipofu we!" Shangazi akapiga kelele. "Wakishaanguka hawaanguki tena mpaka wapumzike! Na jana ulifanya hivihivi!"

Akanyakua kichupa kingine, akakiweka kwenye mashine taratibu kama yai. Profesa akainama. Mashine ikanguruma kidogo, ikazimwa. Nzi wote chali.

"Kazi inaendelea," Profesa akasema.

"Ungeniambia nisigonge," Boon Hock akanung'unika.

"Ningejuaje kwamba mtu mzima hatazami anachokishika?"

"Na kuniita mwizi je? Hilo hulifuti?"

Shangazi akavaa mkoba wake.

Lifti ilipofunguka, Boon Hock alikuwa ameshatangulia ndani. Ameushikilia mlango, macho juu kwenye taa.

"Twende ngazi," Shangazi akaniambia, kwa sauti ya kusikika.

Tukashuka kwa miguu, ghorofa zote.