Neno la Kwanza Kwenye Skrini ya Komanda

Siku yangu ya kwanza kwenye atelier, karakana ya picha, pale Kasenga mjini Uvira, bosi wangu, Patron, hakunipa hata bisibisi. Alinipa neno la kuwaambia wateja.

"Weye, usimuambie mutu foto yake imepotea. Sema iko, televizyo ndiyo haiione."

Nilidhani ananitania. Picha za dijitali ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia Uvira, na kila mtu alitaka kuziona sebuleni kwake. Televisheni nyingi zilisoma JPEG tu, yaani picha iliyobanwa ikawa nyepesi. Kamera kubwa zilihifadhi picha mbichi, nzito, ambazo televisheni haikuzielewa. Hapo fundi alibadilisha faili kwenye kompyuta, akairudisha kwenye kle, kile kijiti cha kuchomeka.

Vita vilipotufikia, Patron alivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi. Nilibaki peke yangu, na asubuhi moja askari walikuja kunichukua hadi mtaa wa Mulongwe, kwenye nyumba aliyokaa komanda wao. Mama yake alikuwa amezikwa milimani bila yeye kuwepo. Mpiga picha wa mazishi alimletea kadi ya kamera, na hakuna aliyekuwa na nakala ya picha zake.

Jenereta ilinguruma uani. Nilichomeka kadi kwenye televisheni yake, skrini ikaandika: Format non pris en charge. Maana yake ni kwamba aina hiyo ya faili haikubaliki. Lakini kwetu kuformater ni kufuta kila kitu, na komanda alisoma neno la kwanza tu.

"Mama fundi, umeformater mama yangu," alisema polepole.

Askari wa mlangoni akashusha bunduki kutoka begani. Kwa woga nikashika neno la Patron.

"Iko, komanda. Televizyo ndiyo haiione."

"Iko wapi?"

"Iko mu kadi. Uniache niibadilishe."

Kompyuta yangu ilikuwa na chaji, ila televisheni ilitegemea jenereta, nayo ilianza kukohoa, mafuta yakiisha. Nilibadilisha picha moja tu, nikachomeka kle kwenye televisheni. Yule bibi, mama yake, akatokea, amelala katika jeneza, kitenge cha kijani kifuani. Komanda aligusa kioo.

"Iko," alisema.

Jenereta ikazimika, na bibi naye akatoweka. Komanda akanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu, nikalirudia. Alichomoa kle, akaitia mfukoni mwa shati, akaniambia niende.

Nimestaafu sasa, binti yangu ndiye fundi. Jenereta ya jirani ikizimika ghafla, woga ule hunirudia wote, na najisikia nikisema kwa sauti: iko.