Kompyuta ya Stika Nyekundu

Papa Valère anarekodi kwaya. Chumba chake cha kazi, hapa Kalemie, kimezibwa kuta zote kwa magodoro ya zamani, na akina mama wa parokia wameimba humo mpaka nadhani magodoro yenyewe yangeweza kuongoza misa. Ni mtu mpole, ila usimguse kwenye habari ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ambao chapa yake hujulikana kwa rangi ya stika. Mpe dakika moja tu atakueleza kwamba programu ya muziki ni nzito, kwamba kompyuta ya stika ya buluu ndiyo inayoiweza, na kwamba ile ya stika nyekundu ni ya kuandikia barua. Basi ile yake ya buluu iliungua siku umeme ulipopanda ghafla, na ndugu yake wa Kigoma, bila kuuliza, akamletea nyekundu.

Tangu hapo ni miaka miwili ya vita kati yake na kompyuta hiyo. Kwaya za hapa hazikubali kurekodiwa mtu mmoja mmoja. Wanaimba wote pamoja, wakiyumba, maikrofoni kumi na nne kwa mpigo. Kompyuta inakwaruza, inakata maneno, halafu inanyamaza. Papa Valère huguna, lakini usoni unamwona kabisa ameridhika, maana alishasema.

Ijumaa ile hakuridhika. Mama Thérèse, aliyekimbia mapigano ya Nyunzu akaja kuwa sauti ya kwanza ya kwaya, alikuwa anarudi shambani kwake na treni ya kesho yake. Kwaya nzima ilikuja ili aondoke yeye, sauti yake ibaki. Mara tatu wimbo ulifika pale anapopanda juu peke yake, na mara tatu kompyuta ikakata.

"Ni chapa," Papa Valère akasema, jasho likimtoka. "Prosesa hii haiwezi. Hata ungekuwa malaika, Mama, ingekukata."

Mama Thérèse alikuwa amekaa juu ya boksi, maana viti havikutosha. Akaitazama kompyuta, akautazama ukuta.

"Papa Valère, hii mashini inakula wapi? Sioni kamba yake."

"Nikirekodi naitoaka kwenye umeme, Mama. Umeme wa hapa utaniunguzia hii nayo. Inatumia betri."

"Kwa hiyo tangu asubuhi haijakula."

"Mashini haina tumbo. Shida ni prosesa."

"Mie nikiwa na njaa siwezi kupandisha sauti," akasema Mama Thérèse. "Na prosesa sina."

Akina mama wakacheka. Papa Valère akaamua kumwonyesha, kwa heshima zote, kwamba yeye kompyuta hazijui. Umeme wenyewe bado aliuogopa, lakini alikuwa na kifaa cha kuutuliza, alichonunua baada ya ile ya buluu kuungua na ambacho hakuwahi kukifungua. Akatafuta chini ya meza, akatafuta nyuma ya ngoma. Kisha akasimama mbele ya Mama Thérèse, akakohoa.

"Samahani, Mama. Umekikalia."

Kikatolewa kwenye boksi, kikaunganishwa, waya ukachomekwa, wakaimba. Mama Thérèse akapanda mpaka kule juu, akakaa huko alivyotaka, akashuka taratibu. Kompyuta haikukwaruza hata kidogo. Papa Valère akainama kwenye skrini na kuyaona yote: bila waya ilikuwa inabana chaji, prosesa inakwenda nusu mwendo. Chapa yoyote ingefanya vilevile. Ile ya buluu alikuwa akiitumia na waya siku zote. Aliona aibu, na furaha ikamzidi aibu.

"Umeitukana miaka miwili," Mama Thérèse akasema. "Uiombe pardon."

Papa Valère akaweka kiganja juu ya stika nyekundu. "Pardon," akasema, na kwaya ikaitikia amina kwa sauti zote nne.

Treni iliondoka Jumamosi. Boksi lile sasa ni tupu, halibebi hata paka, na Papa Valère hamruhusu mtu kuliondoa pale lilipo. Wageni wakiuliza, anawaambia ni kiti cha Mama Thérèse. Halafu anachomeka waya kwanza, ndipo anawapigia wimbo.